Chaji ipo lakini kishikwambi kinazima: asilimia 46 inasema nini hasa?

Dada yangu anafundisha shule ya msingi mkoani Iringa, na kwa mwezi mzima kishikwambi chake kilimfanyia jambo lile lile. Asubuhi anasoma andalio la somo, kila kitu shwari, chaji asilimia 46. Anafungua kamera ili apige picha ukurasa wa daftari la mwanafunzi, kioo kinakuwa cheusi. Anabonyeza kitufe, kinawaka, kinaonyesha asilimia 44. Anagusa kamera tena, kinazima tena. Fundi wa kwanza alisema ni programu. Akakiflashi, yaani akakiwekea mfumo upya, picha na maandalio yote yakafutika, na jioni ile ile kikazima. Fundi wa pili alisema sistimu chaji imekufa, akabadilisha tundu la chaji. Kikazima. Kiliponifikia mimi alikuwa ameshalipa mara mbili kwa matengenezo ambayo hayakugusa ugonjwa, na swali lake lilikuwa moja: "Kaka, kama chaji ipo, kinazima kwa nini?"

Swali hilo linastahili jibu refu, kwa sababu wanaouliza ni wengi. Tanzania, Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baadaye vikagawiwa walimu. Kenya, ambako wengi husema tableti, sensa ya Agosti 2019 nayo ilitumia vifaa hivyo. Ukijumlisha na vile ambavyo watu wamejinunulia wenyewe dukani, viko vishikwambi vingi mikononi mwetu ambavyo sasa vimefikia umri wa betri kuchoka. Na betri ya aina hii ikichoka, mara nyingi haikuambii kwa kuisha haraka. Inakuambia kwa kukuzimia katikati ya kazi, huku namba juu ya kioo ikidai kwamba nusu ya chaji bado ipo.

Tuanze na hiyo namba.

Ndani ya betri hakuna kitu kinachopima chaji kama kile kijiti cha kupimia oili ya gari. Hakuna pa kuchungulia. Asilimia unayoiona ni makisio yanayofanywa na chipu ndogo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusoma volti. Betri ya lithiamu ya kawaida ikijaa huwa na volti 4.2 hivi (zipo zinazopandishwa hadi 4.35 au 4.4), na ikikaribia kuisha hushuka kuelekea 3.3 na chini yake. Kwa hiyo chipu inasoma volti, inatazama jedwali iliyopewa kiwandani, inakuletea asilimia. Njia ya pili ni kuhesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama mtunza stoo anayeandika magunia mlangoni: yameingia mangapi, yametoka mangapi, kwa hiyo yamebaki mangapi. Vifaa vizuri hutumia njia zote mbili na kuzilinganisha. Vya bei ya chini hutegemea zaidi volti.

Kila njia ina mahali inapokosea. Volti ya betri ya lithiamu haishuki kwa mwendo sawa. Katikati ya safari, tuseme kati ya asilimia 70 na 30, inateremka polepole mno, kiasi kwamba kosa dogo la kipimo linaweza kuhamisha asilimia kwa hatua kubwa. Na yule mtunza stoo anahesabu vizuri, lakini anaamini stoo ina ukubwa ule ule wa siku ilipojengwa. Betri ikipoteza theluthi ya ujazo wake na chipu isijue, hesabu zake zote zitakuwa za stoo ambayo haipo tena. Ndiyo maana unaona kishikwambi kinashuka kwa utulivu kutoka 100 hadi 40, halafu kinaruka mpaka 8 bila kupita katikati.

Basi hapo tayari tuna aina ya kwanza ya tatizo: asilimia ni ya uongo, chaji imeisha kweli, na kifaa kimezima kwa haki.

Aina ya pili ndiyo iliyomsumbua dada, na ndiyo inayowachanganya hata mafundi. Humo asilimia ni ya kweli. Umeme upo ndani ya betri. Ila hauwezi kutoka kwa kasi inayotakiwa.

Fikiria nyumba yenye simtanki juu ya mnara na bomba la chuma la miaka mingi lililojaa kutu kwa ndani. Ukifungua koki moja ya jikoni, maji yanakuja, hulalamiki. Fungua koki ya jikoni, ya nje na bafu kwa pamoja: bafuni yanadondoka matone. Ukipanda juu kuchungulia, tanki limejaa nusu, na hakuna aliyekudanganya kuhusu tanki. Kilichoharibika ni njia ya kutokea.

Katika betri, kutu hiyo inaitwa ukinzani wa ndani. Kila betri inao tangu ikiwa mpya, na kila inapochajiwa na kutumika, hasa kwenye joto, kemikali zake hujenga tabaka linaloongeza ukinzani huo. Hapa ndipo kanuni ya Ohm, ile tuliyokariri sekondari, inapotusaidia nyumbani: volti inayopotea njiani ni mkondo mara ukinzani. Tuweke namba za mfano. Betri iko asilimia 46, imetulia, ina volti 3.75. Ikiwa mpya, tuseme ukinzani wake pamoja na njia yake ni omu 0.1. Kishikwambi kikiwa kinaonyesha maandishi tu kinavuta ampea 0.2, kwa hiyo kinachopotea ni volti 0.02, hakionekani. Ukifungua kamera, kioo kikiwa na mwanga wa juu, data imewashwa na prosesa inakimbia, mkondo unaruka kwa muda mfupi hadi ampea 2.5. Kinachopotea sasa ni volti 0.25. Inabaki 3.5. Kazi inaendelea.

Chukua betri ile ile baada ya miaka, ukinzani umefika omu 0.3. Kusoma maandishi kunapoteza 0.06, bado salama. Lakini kamera inapoteza 0.75, na kifaa kinapokea volti 3.0. Saketi za ndani haziwezi kufanya kazi kwa volti hiyo, na kabla hata ya kufika hapo chipu ya umeme inakata kila kitu ili kumbukumbu isiharibike. Kioo cheusi. Tena kuna jambo linaloharakisha maporomoko: prosesa inahitaji nguvu ile ile hata volti ikishuka, na nguvu ni volti mara mkondo, hivyo volti ikipungua kifaa kinavuta mkondo mkubwa zaidi, ambao unashusha volti zaidi. Yote haya hutokea kwa kufumba na kufumbua.

Kikishazima, mzigo umeondoka. Volti inapanda kurudi 3.7 na kitu. Unabonyeza kitufe, kinawaka, kinasoma volti, kinakuambia asilimia 44. Kwa mtazamo wake hakijakosea.

Huu si ugonjwa wa vifaa vya bei rahisi peke yake, na historia yake ya wazi iko kwenye simu. Mwaka 2016 watumiaji wa iPhone 6s walilalamika kwamba simu zinazima zikiwa na chaji. Novemba mwaka huo Apple ilitangaza kubadilisha betri bure kwa simu zilizotengenezwa Septemba na Oktoba 2015, ikieleza kwamba vipande vya betri vilikaa kwenye hewa kiwandani muda mrefu kuliko ilivyotakiwa kabla ya kufungwa. Januari 2017 likatoka toleo jipya la mfumo wa simu hizo, iOS 10.2.1, na simu zilizokuwa zikizima zikapungua. Kilichokuwa kimefanyika hakikuelezwa vizuri hadi Desemba 2017, John Poole wa kampuni ya Primate Labs alipochapisha vipimo vikionyesha kwamba simu zenye betri za zamani zilikuwa zinakimbia polepole. Apple ikakiri kwamba programu ilikuwa inapunguza mbio za prosesa ili mkondo usiruke kupita uwezo wa betri iliyochoka. Ikaomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka 2018, na Februari 2020 mamlaka za Ufaransa ziliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Ninalolichukua hapo ni la kiufundi: wahandisi wenyewe, walipotaka simu isizime, hawakugusa asilimia. Walipunguza mkondo.

Nawe unaweza kufanya jaribio hilo hilo bila kufungua kifaa. Punguza mwanga wa kioo hadi robo, zima data na bluetooth, washa hali ya kuokoa betri, kisha tumia kama kawaida siku moja. Kama kilichokuwa kinazima mara tano kwa siku sasa hakizimi, au kinazima ukifungua kamera na michezo tu, umeshapata dalili nzito kwamba betri imechoka. Baada ya hapo chomeka chaja nzuri, weka mwanga wa juu, fungua kamera na video kwa nusu saa. Kikivumilia kikiwa kwenye umeme na kuzima kikiwa kwenye betri, tatizo liko upande wa betri au waya wake. Chaja iwe nzuri kweli. Ile ya ampea 0.5 haiwezi kubeba kazi nzito, betri italazimika kusaidia, na jaribio litakudanganya.

Sasa niseme kuhusu aina ya tatu, kwa sababu si kila kishikwambi kinachozima kina betri mbovu. Mtu akinunua betri mpya wakati kosa ni kitufe, hasara ni ile ile aliyoipata dada kwa kuflashi.

Swali la kwanza kabisa, ambalo nimewahi kulisahau mwenyewe, ni hili: je, kimezima kweli? Kioo kuwa cheusi hakumaanishi kifaa kimekufa. Vishikwambi vingi vina kihisi cha sumaku kinacholaza kioo kava likifungwa. Kava lenye sumaku likikunjwa nyuma, au kishikwambi kikiwekwa juu ya spika au kompyuta mpakato yenye sumaku, kioo kinalala ghafla na mtu anaapa kimezima. Weka kengele ilie au muziki uwe unacheza: ukisikia sauti inaendelea huku kioo ni cheusi, umeme upo, na unachotafuta ni kava, kihisi au kioo chenyewe. Kishikwambi kinachowaka mara moja kwa kugusa kitufe kidogo hakikuwa kimezima. Kile kinachoonyesha nembo ya kampuni na kuchukua dakika nzima kilikuwa kimezima kweli, au kimejiwasha upya.

Na kujiwasha upya chenyewe bila kuguswa ni dalili tofauti na kuzima moja kwa moja. Kikijiwasha chenyewe mara kwa mara, mara nyingi ni programu iliyoangusha mfumo, nafasi ya kuhifadhi iliyojaa pomoni, au kitufe cha kuwasha kilichobanwa. Kitufe hiki ni mkosaji asiyeshukiwa. Vifaa vingi hujiwasha upya kitufe kikishikiliwa kwa sekunde kumi hivi. Kava gumu linaloubana ubavu, vumbi na jasho vilivyoganda, au kitufe kilichozama baada ya kuanguka, vyote hufanya kazi ya kidole. Vua kava, safisha kitufe kwa mswaki mkavu, tumia siku mbili bila kava. Haigharimu hata shilingi.

Kuna kishikwambi kimoja nililetewa kilichokuwa kinazima saa nne usiku, kila siku, chaji ikiwa yoyote. Mwenye nacho alishakitafutia betri mpya. Kilikuwa na mpangilio wa kuwasha na kuzima kwa ratiba, ambao upo kwenye vishikwambi vingi vya Android vya bei ya chini, na mtoto alikuwa ameugusa. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa fundi, andika kwenye karatasi kwa siku tatu: saa ngapi kimezima, kilikuwa na asilimia ngapi, ulikuwa unafanya nini, kilikuwa cha moto au cha baridi, na kilipowaka kilionyesha asilimia ngapi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maelezo ya "kinazimazima tu". Saa ile ile kila siku ni ratiba. Kamera na michezo ni betri. Ukikiinua au kukigeuza ni waya au soketi ya betri iliyolegea, jambo la kawaida kwa kifaa kilichoanguka. Juani ni joto.

Joto lina njia zake mbili. Apple inashauri iPad itumike kati ya nyuzijoto 0 na 35, na watengenezaji wengine hawako mbali na hapo. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hewa peke yake inakaribia mpaka huo, na ndani ya gari lililofungwa juani mpaka unavukwa mapema sana. Kifaa kikizima kwa sababu ya joto kinajilinda. Kipeleke kivulini, kipoe chenyewe, usikiweke kwenye friji kwa sababu unyevu utaganda ndani. Njia ya pili ni ya polepole: kila siku ya joto kali inaichosha betri kidogo, na betri iliyojaa asilimia 100 ikiwa kwenye joto huchoka haraka kuliko iliyo nusu. Baridi nayo huongeza ukinzani, ila kwa muda. Mtu wa Njombe au Makete anaweza kuona kishikwambi kinazima alfajiri ya Julai na mchana kikafanya kazi vizuri. Ndugu walioko Ulaya na Marekani Kaskazini wanaijua hali hiyo wakati wa theluji. Betri nzima hustahimili. Ile iliyoanza kuchoka baridi inaimalizia.

Kuna pia kihisi joto kidogo ndani ya betri yenyewe, ambacho ndicho kazi ya ule waya wa tatu unaouona kwenye betri nyingi. Waya huo ukikatika au kihisi kikiharibika, chipu inaweza kuambiwa betri ina baridi au joto la kutisha wakati iko kawaida kabisa, na ikazima. Fundi asiyekipima hawezi kukijua.

Njia ya kujua bila kubahatisha ni kusoma namba. Kwenye Android, kama una kompyuta na mtu anayejua kutumia adb (programu ya kompyuta ya kutuma amri kwa kifaa cha Android), amri dumpsys battery itakuonyesha volti kwa milivolti, joto kwa sehemu za kumi za nyuzi (yaani 312 ni nyuzijoto 31.2), na hali ya betri kwa namba: 2 ni nzuri, 3 ni joto kupita kiasi, 4 ni mfu, 7 ni baridi. Joto likisoma 650, yaani nyuzijoto 65, huku betri ni ya baridi mkononi, umempata mkosaji. Matoleo ya Android kuanzia la 9 pia huhifadhi sababu ya kuwashwa mara ya mwisho. Amri getprop sys.boot.reason ikileta neno thermal, ilikuwa joto; ikileta battery, kifaa kilizima chenyewe kwa kuona chaji imeisha; ikileta kernel_panic, ni mfumo ulioanguka. Bila kompyuta, programu kama AccuBattery inakisia ujazo uliobaki baada ya kuchaji mara kadhaa. Kwa iPad, zile za Pro zenye chipu M4 na Air zenye M2, zilizotoka 2024, zinaonyesha afya ya betri kwenye mipangilio. Za kabla ya hapo zinaweza kusomwa kwa kompyuta ya Mac yenye programu coconutBattery.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa kishikwambi cha dada. Kikiwa kimetulia, asilimia 45, kilisoma milivolti 3,752. Nilipofungua kamera, usomaji wa mwisho kabla ya giza ulikuwa 3,290. Joto nyuzi 29. Kwenye chaja ya ampea 2 kilirekodi video dakika arobaini bila kutetereka. Hapo sikuwa na haja ya kuhisi tena.

Niliulizwa mara nyingi kuhusu ushauri wa kuimaliza chaji yote hadi sifuri, kisha kuijaza hadi mia, "ili betri ijipange upya". Zoezi hilo lina kazi moja halali: kumsaidia yule mtunza stoo ajue ukubwa mpya wa stoo. Kama tatizo lako ni asilimia inayoruka, lifanye mara moja, linaweza kurekebisha usomaji. Haliongezi hata tone la uwezo, na halipunguzi ukinzani. Kulirudia kila wiki kunaichosha betri, kwa sababu betri ya lithiamu haipendi kufikishwa sifuri. Mbaya kuliko hilo ni kukiacha kishikwambi kabatini likizo nzima kikiwa kimeisha chaji. Betri hujipoteza yenyewe polepole, ikishuka mno sehemu zake za shaba huanza kuharibika, na saketi ya ulinzi itakataa kuipokea tena. Kikae na asilimia 50 hivi, mahali penye ubaridi.

Kama umeamua kubadilisha betri, hapo ndipo penye hatari ya kupoteza pesa mara ya tatu. Soma kibandiko cha betri ya zamani kabla ya kununua. Namba ya modeli ndiyo muhimu, kisha volti. Ile iliyoandikwa 3.7 na kikomo cha kuchaji 4.2 haifai kuwekwa kwenye kifaa kinachochaji hadi 4.35, hata ikiingia vizuri. Itajazwa kupita kiasi na hilo ni jambo la moto. Ujazo mkubwa mno ulioandikwa kwenye betri nyembamba na nyepesi ni wa kutiliwa shaka, maana ujazo unataka mali ndani, na mali ina uzito. Betri "mpya" iliyokaa dukani miaka minne nayo imezeeka, hata kama nailoni haijachanwa. Vishikwambi vingi vina betri mbili zilizounganishwa sambamba. Nimeona fundi akibadilisha moja na kuiacha nyingine, na hiyo nzee ikaendelea kusumbua. Zibadilishwe zote. Omba ubaki pale akifungua, kwa sababu betri hizi zimegandishwa kwa gundi, na anayeiinua kwa bisibisi ya chuma anaweza kuitoboa. Kadi ya plastiki na joto kidogo vinatosha.

Na ukikuta mgongo wa kishikwambi umetuna, au kioo kinainuka pembeni, maelezo yote ya juu yasimame. Hiyo ni gesi ndani ya betri. Usikichaji tena hata kwa dakika tano za kutoa picha, usikibonyeze kirudi mahali pake, usimwachie mtoto. Kizime, kiweke mbali na godoro na pazia, kwenye bati au ndoo yenye mchanga mkavu, hadi fundi aitoe. Betri iliyotolewa isitupwe jalalani kunakochomwa taka; watu wanaookota chupa pale hawajui kuna nini ndani.

Betri ya dada ilipotoka ilikuwa imeanza kutuna upande mmoja, si sana, kama unga ulioanza kuumuka. Mpya ilipoingia, kwenye asilimia 46 ile ile, kamera ilishusha volti kutoka 3,768 hadi 3,571 na ikabaki hapo, na alikitumia hadi asilimia 6 kabla hakijamwomba chaja. Picha za madaftari zilizofutwa kwa fundi wa kwanza hazikurudi. Zilikuwa za muhula mzima.